Chai Huanza Jana

Mwezi wangu wa kwanza wa kazi ya hoteli, kule kaskazini ya Unguja, mgeni mmoja aliniuliza: "Nyinyi wenyewe asubuhi huwa mnakula nini?" Nikamjibu papo hapo: "Chai." Akanitazama kwa huruma, kisha akakisogeza kisahani chake cha mkate upande wangu. Alidhani amekutana na njaa ana kwa ana. Na mimi nilikuwa nimeshiba ndi ndi ndi. Saa moja kabla yake nilikuwa nyuma ya jiko na wenzangu tunakunywa chai, na chai hiyo ilikuwa na mihogo ya nazi, kipande cha changu wa kukaanga na maandazi matatu.

Sikuwa nimemdanganya. Mswahili akikuuliza "Umekunywa chai?" hana habari na kikombe, anataka kujua kama umekula. Majani, maji na sukari ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Uzito wote uko kwenye kitafunio. Siku ambayo kweli kuna kikombe tu, siku hiyo ina jina lake, chai kavu, na jina hilo hutamkwa kwa sauti ya chini. Yapo majina mengine ya heshima. Shuleni tulifundishwa kifungua kinywa, Wakenya wanasema kiamsha kinywa, na staftahi, neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana hiyo hiyo ya kufungua, utalikuta zaidi kwa wazee na kwenye ratiba za semina. Sijawahi kumsikia mama akituita tuje tupate staftahi. Alisema "chai tayari", na kama ni mihogo au viazi vitamu tulijua kwa harufu.

Kinachonichekesha ni kwamba mwenye jina ndiye mgeni kuliko wote mezani. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale Amani, kwenye milima ya Usambara juu ya Muheza, mwaka 1902, na chai ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu huko miaka hiyo ya mwanzo. Kwa Kenya, historia huanzia Limuru mwaka 1903. Hata ukihesabu majani yaliyokuja na vyombo vya biashara kabla ya hapo, bado muhogo, uliotoka Amerika ya Kusini mikononi mwa Wareno, umeitangulia chai mbali sana. Ngano ya maandazi nayo si zao la pwani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyoambiwa. Basi wageni wote hawa wa sahani walipewa jembe. Chai ikapewa na nyumba.

Naandika haya jikoni kwangu, Dar es Salaam, saa nne na ushee, usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwenye jiko kuna sufuria ya mbaazi. Nikikatiza maneno, ujue nimekwenda kuongeza maji.

Nina hoja moja tu leo, nayo nimeirithi kwa bibi: chai ya moto haipikwi asubuhi. Asubuhi inapakuliwa tu.

Bibi alikuwa akiuza mbaazi na maandazi barazani kwake Ngamiani, Tanga, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mgeni anahisi yuko darasani. Meza moja ya mbao, benchi mbili, na baiskeli za wateja zimeegemezwa ukutani, maana Tanga bila baiskeli si Tanga. Kufika saa tatu asubuhi kila kitu kimekwisha. Mpita njia angedhani mama huyu anafanya kazi saa tatu kwa siku. Sisi tuliolala nyumba ile tulijua.

Kazi ilianza adhuhuri ya jana yake. Akishaswali, bibi alimwaga mbaazi kavu kwenye ungo, akazichambua, vijiwe huku, zilizotobolewa na wadudu kule, akaziroweka kwenye ndoo. Mbaazi kavu ni kaidi. Usipoziroweka utamaliza mkaa na bado zitakugonga jino. Magharibi ikipita zilibandikwa jikoni, maji yamezizidi kimo cha kiganja, bila chumvi, kwani bibi aliamini chumvi ya mapema inazifanya zigome. Kufika saa tatu za usiku zinaanza kulegea, na hapo ndipo unga ulipochukua zamu.

Unga wa ngano kwenye beseni. Hamira, sukari, hiliki iliyotwangwa na kupepetwa, chumvi ya kuonjeshea tu, halafu tui la nazi vuguvugu. Hakupima. Mkono wa kushoto ulimimina tui, wa kulia ukikusanya unga kutoka ukingoni, na alijua limetosha pale vidole vilipotoka safi. Kisha kukanda. Alisukuma mbele kwa uzito wa mabega yote mawili, akakunja, akageuza, akasukuma tena, bangili zake mbili zikigongana, na sisi tulipata usingizi kwa mlio ule. Donge likianza kung'aa na kurudi lenyewe ukilibonyeza, alilifunika kwa kanga kuukuu. "Mwacheni alale," alikuwa akisema, kama vile kuna mtoto mle.

Saa kumi alfajiri, wakati sisi ndiyo kwanza tunageukia upande wa pili, yeye alikuwa keshaamka. Madonge, kusukuma, kukata pembe nne, kuyapanga juu ya kitambaa yaumuke mara ya pili. Karai motoni. Mafuta aliyajaribu kwa kijipande cha unga: kikizama na kukaa, bado; kikizama kikapanda haraka na mapovu yake, tayari; kikibadilika rangi kabla hujavuta pumzi, punguza moto, la sivyo utauza maandazi mekundu nje, mabichi ndani. Andazi likishaingia aliliteka mafuta kwa upawa akalimwagia mgongoni mpaka livimbe. Andazi la bibi ukilipasua lilikuwa tupu, ukuta mwembamba juu na mwembamba chini, na utupu huo ndio unaobeba mbaazi. Lililojaa ndani alilitenga pembeni. Hilo tulikula sisi.

Nazi ilikuwa kazi yangu. Nazi tatu, nimekaa juu ya mbuzi, kile kibao chenye ulimi wa chuma, nasinzia huku nakuna, na vidole vyangu vina alama mpaka leo. Tui la kwanza, kasimile, liliwekwa kando kwenye bakuli. Machicha yakatiwa maji yakakamuliwa tena, na tena, hiyo ni tui jepesi. Jepesi ndilo lililotangulia kwenye mbaazi, pamoja na kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, bizari kidogo ya rangi, na sasa chumvi. Kasimile ilingoja hadi mwisho kabisa, na ikishaingia hakuna kuondoka: unakoroga taratibu mpaka itokote mara moja, basi. Tui likikatika mbaazi zinakuwa chembechembe zinazoelea kwenye mafuta, na mteja wa Tanga analiona hilo akiwa upande wa pili wa barabara.

Wa kwanza kufika walikuwa wazee waliotoka msikitini. Nyuma yao makuli wa bandarini, wavuvi waliokesha baharini usiku kucha, walimu, kisha watoto waliotumwa na bakuli. Wote hao walikula chakula cha moto kilichowachukua dakika kumi, wakapanda baiskeli zao.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoziunguza.

Usiku ule palikuwa na msiba mtaa wa pili. Bibi alikanda unga wake mapema, akaufunika, akaenda kukesha na wenzake. Sufuria akaniachia mimi, kwa agizo moja: "Ukisikia zimenyamaza, ongeza maji." Mbaazi zenye maji zinazungumza, yale mazungumzo ya chini kwa chini, pu pu pu. Zikikaukiwa zinanyamaza, kisha zinaanza kutatarika, na hapo umeshachelewa. Bahati mbaya mimi ndiye niliyenyamaza kwanza. Kilichoniamsha ni moshi. Nikakurupuka, nikafanya kosa kubwa kuliko lile la kulala: nikamwaga maji nikakoroga. Ajuaye jiko atakwambia, kilichoungua chini hakikorogwi. Unahamisha cha juu polepole kwenye sufuria nyingine, cha chini unakiacha na ubaya wake. Ukikoroga umeugawa ubaya kwa wote.

Bibi hakunipiga. Alionja kwa ncha ya kijiko, akatema, akasema, "Kitumbua kimeingia mchanga," akakaa juu ya mbuzi bila nazi mkononi. Unga ulikuwa umeumuka tayari, hausubiri kesho. Asubuhi ile aliuza maandazi na chai ya rangi. Mzee mmoja mvuvi alilipasua andazi lake, akachungulia ndani, akauliza, "Bi mkubwa, nyumba iko wazi, mwenyewe yuko wapi?" Watu wakacheka, na bibi akacheka nao. Mimi nilikuwa uani nasugua sufuria kwa mchanga na majivu. Ilinichukua siku mbili.

(Nimerudi. Zilikuwa bado zinazungumza, lakini nimeongeza kikombe kimoja, heri nusu shari.)

Bibi alikuwa na ndugu Mombasa na aliyaita mahamri. Sisi wajukuu tulisema maandazi. Watu wa Mombasa watakuapia kwamba hivyo ni vitu viwili: hamri lina nazi, hiliki na hamira, ndilo la mbaazi, mandazi ni lile la bara, zito, la kumezea chai njiani. Neno lenyewe linawaunga mkono, kwa sababu mahamri na hamira ni ndugu wa damu. Lakini Tanga na Unguja neno moja linabeba yote, na Muscat, kwenye familia zilizotoka Unguja, utasikia mandazi vilevile. Cha ajabu zaidi ni Kinshasa. Huko ukiagiza "mikate" utaletewa vidonge vya unga vilivyokaangwa kwenye mafuta, yaani ndugu yetu andazi kwa jina la mwingine. Mimi katika ugomvi huu niko upande wa bibi kwa sababu za kifamilia, na upande wa Mombasa kwa sababu ya ladha, na sioni haja ya kuchagua.

Vitumbua navyo ni kazi ya usiku. Mchele hulala kwenye maji, husagwa na tui, huachwa uumuke, na chuma chenye mashimo hakipati moto mpaka alfajiri. Uji huo huo ukimiminwa kwenye sufuria, moto ukawekwa chini na makaa juu ya mfuniko, unapata mkate wa kumimina. Nani aligundua kwanza kwamba makaa yanaweza kukaa juu ya chakula sijui, ila namuombea dua.

Turudi hotelini. Baada ya mwaka mmoja nilipandishwa, nikawekwa kwenye meza ya mayai. Kofia nyeupe, kikaango kidogo, wageni wamepanga foleni: huyu kimanda, huyu mayai ya kuvuruga, huyu kiini kisiguswe. Pembeni yangu palikuwa na soseji za ng'ombe, nyanya zilizokatwa nusu, uyoga, na maharage ya kopo kwenye mchuzi mtamu wa nyanya. Mbaazi za nazi zilikuwa kwenye bakuli dogo mwisho wa meza, karibu na maua, na kikaratasi cha maelezo kama kitu cha makumbusho.

Mzee mmoja wa Belfast, aliyekuja na mkewe wiki mbili, alizoea kusimama nami kila asubuhi. Ni yeye aliyenieleza kwamba hicho nilichokuwa nakipanga ni cha Waingereza, kwao Ireland ya Kaskazini ni habari nyingine: nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi, soseji, yai, na lazima, lazima, mkate wa viazi na mkate wa magadi, vyote viwili vimekaangwa kwenye mafuta yale yale yaliyotoka kwenye nyama. Maharage ya kopo je? Akatikisa kichwa kama bibi aonaye tui limekatika. Waskoti, akasema, wana haggis, yaani maini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa, na soseji yao bapa ya mraba. Soseji nyeusi ya damu iko karibu kote. Na Wales wanakula mwani, umechemshwa mpaka ukawa uji mweusi, ukakaangwa. Hapo nilimkatiza. Nikamwambia wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani kwenye maji ya kupwa, mwani wa aina nyingine, unakaushwa na kusafirishwa nje, na hapa kisiwani sijaona nyumba inayoupika. Akashangaa yeye sasa.

Nilichotaka kujua hasa ni kitu kimoja. Nikamuuliza: nani anaamka usiku kuandaa vyote hivyo?

Hakunielewa. Nikarudia. Akasema hakuna anayeamka. Ni chakula cha Jumamosi au Jumapili, unaamka jua limeshatoka, unaweka kikaango motoni, dakika ishirini umekaa mezani. Siku za kazi ni mkate uliobanikwa au nafaka za boksi na maziwa baridi, halafu mlango.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Kwao cha moto ni cha siku ya mapumziko, kwa sababu anayekila ndiye anayekipika. Kwetu cha moto ni cha siku ya kazi, kwa sababu anayekipika ni mwingine na ameshamaliza kazi yake wewe ukiwa usingizini. Kuli hawezi kuondoka nyumbani saa kumi na mbili amekula mbaazi za nazi mpaka pawe na mwanamke aliyeziroweka jana adhuhuri. Hata pale hotelini, mkate ule niliousogezewa kwa huruma ulikandwa saa tisa usiku na kijana wa Mkokotoni, na yeye hakuna mgeni aliyewahi kumuona, maana wageni wakishuka yeye ndiyo anapanda daladala.

Dar nilikuta imani nyingine kabisa. Huku asubuhi ni supu. Bibi alikuwa akisema supu ni chakula cha mgonjwa na mzazi, na siku nilipomwambia kwamba mabosi wazima wenye funguo za gari wanaanza siku kwa supu, alinyamaza kwanza kisha akauliza wanaumwa nini. Lakini kaa pale kwenye benchi Ilala au Kariakoo saa kumi na mbili na nusu, uone. Bakuli la supu ya ng'ombe, mfupa umejitokeza juu, chapati mbili kwenye sahani, nusu ya ndimu, pilipili ya kuponda kwenye kikopo. Hakuna anayezungumza. Unakamua ndimu, unapuliza, unachana chapati vipande, unachovya, jasho linaanza chini ya macho. Kuna supu ya kuku wa kienyeji kwa mwenye nafasi, ya utumbo kwa anayejua kitu kizuri, na ya makongoro, ile inayonata midomo, ambayo walevi wa jana huiagiza kwa ajili ya kuzimua. Hao utawajua kwa namna wanavyoshika bakuli kwa mikono miwili.

Nilizoeana na mama lishe mmoja wa mtaani kwangu wa zamani. Nilimuuliza siri ya supu yake, maana haina kitu zaidi ya chumvi, kitunguu saumu na tangawizi. Akacheka. "Siri ni usingizi," akasema. Mifupa yake hufika jioni, hubandikwa saa tatu, na yeye hulala kwenye mkeka hapo hapo jikoni, akiamka kila baada ya muda kuengua povu na kusogeza kuni. Kongoro haliharakishwi. Saa nane usiku anaanza kusukuma chapati. Nikamwambia habari za bibi na mbaazi zinazonyamaza. Akasema supu ikinyamaza si neno, ubaya ni ikichemka kwa fujo, inapauka. Kila chungu na lugha yake.

Bara sitakaa sana, wenyewe wapo watasema. Uchagani mtori, ndizi na nyama vimepondwa mpaka vikawa kitu kimoja, hupewa mzazi arudishe nguvu, lakini mgahawani Moshi utaagizwa na dereva wa lori. Uganda wana katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo au maini kwenye sufuria moja. Kampala pia ndiko yai na chapati vilikovingirishwa vikapewa jina la saa ya mkononi ya bei mbaya, roleksi, na hicho kwa kweli ni chakula cha kisasa: hakimdai mtu kukesha. Milimani Kenya ni nduma, yaani magimbi, na viazi vitamu kwa chai nzito ya maziwa. Nilikula nduma mara moja, kavu ajabu. Nikaelewa kwa nini chai yao ina maziwa mengi.

Halafu kuna kiporo, na hapa naomba nisemwe vibaya nikiwa nimekaa, kwa sababu naamini ndicho kitafunio bora kuliko vyote nilivyovitaja, pamoja na vya bibi.

Wali wa nazi uliolala. Unaumwaga kwenye kikaango bila tone la mafuta, kwa kuwa nazi yenyewe inatosha, unausambaza, unauacha ushike chini, unaugeuza. Kama jana kulikuwa na maharage, yanaingia katikati. Ukoko unagombaniwa. Chai ya rangi yenye tangawizi kali pembeni. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Mimi nasema aliyetunga maneno hayo hakuwa na kabati la kuwekea wali. Mla jana kala nusu, nusu nyingine anaipasha sasa hivi. Na kwa hoja yangu ya leo, hakuna kilichotimiza sharti kuliko hiki: kazi yote ilifanyika jana, na aliyeifanya wala hakujua kwamba anapika chai.

Nimekua nikajua pia kwamba wali uliolala nje kwenye joto letu hukaribisha bakteria ambao sumu yao haitoki hata ukipasha moto mpaka ufuke moshi. Sisi tulikula vya kabatini tukapona. Sasa naweka kwenye friji ukipoa tu, na mke wangu ananicheka kwamba nimekuwa daktari wa ubwabwa.

Ramadhani hugeuza kila kitu miguu juu. Vitumbua, mihogo ya nazi, maandazi, mbaazi, uji, vyote vinahama asubuhi na kukusanyika magharibi kwenye futari, na saa zile za usiku ambazo bibi alikuwa akipika kwa ajili ya wengine, nyumba nzima inaamka kula daku. Mwezi huo peke yake ndipo nilipomuona bibi akila wakati ule wa giza pamoja nasi, amekaa, hana karai mbele yake. Kisha Idd, tambi tamu na mkate wa kumimina baada ya swala, na kesho yake ndoo ya mbaazi inarudi mahali pake.

Alifariki miaka tisa iliyopita. Ungo wake uko kwa mama. Mbuzi wa nazi nilichukua mimi, ingawa siku hizi nyingi natumia tui la kukamuliwa sokoni kwa mashine, na najua angesema nini. Maandazi ninayoyapika ni mazuri kiasi. Robo yake hivi hujaa ndani. Yale tunayatenga, wanakula watoto, wao wanadhani ni zawadi.

Saa sita kasoro. Nimebonyeza mbaazi moja kwa vidole viwili, imesagika na ganda lake. Nazima gesi, nafunika. Kwenye meza unga umeanza kuinua kanga katikati. Saa kumi na nusu nimeitegesha simu, na kasimile iko kwenye friji, bakuli la bluu, nyuma ya maziwa.